Tara wa Mzee Wilf

Sidonie alipokuwa mgeni London, jirani yake wa ghorofa ya chini, mama wa Kizungu mwenye mbwa wawili, alikutana naye kwenye ngazi akamwambia kwa Kiingereza chepesi kwamba wataonana baadaye. Sidonie akapanda kwake mbio. Akafagia sebule, akakaanga samaki, akaongeza mchele kwenye sufuria, akamvalisha gauni la kanisani binti yake Plamedie, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, kisha wakakaa kumngoja mgeni. Wali ukapoa. Samaki wakakauka. Mtoto akalala na gauni lake. Kesho yake jirani akatabasamu palepale ngazini, akamsifu mtoto, akasema tena kwamba wataonana baadaye, na Sidonie akapita bila kuitika. Wakanuniana, au tuseme Sidonie alinuna peke yake, mpaka mwanakwaya mwenzake alipomweleza kwamba hapa London maneno yale hayana chakula ndani yake. Ni kuaga tu.

Kwao Uvira, mashariki ya Kongo, kuaga ni kazi ya watu wazima. Mgeni akisema anakwenda, ndipo mazungumzo yanapoanza upya. Anasindikizwa mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka barabarani, kutoka barabarani mpaka kona, na pale kwenye kona ndipo anapoambiwa lile jambo lenyewe aliloitiwa. Waingereza, Sidonie aliona, hawana kona. Mtu anajipiga magoti kwa viganja viwili, anasema neno moja fupi, anasimama, na amekwisha ondoka. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi: wanaaga mara tano sita mfululizo, kwa haraka, kama mtu anayemwaga maharage kwenye bakuli, na wewe hujui ni lipi hasa la kujibu.

Alijifunza hivyo hivyo. Alifagia maofisi, akaosha vyombo hotelini, na karatasi zake zilipokuwa sawa akaingia kwenye kazi ya kutunza wazee majumbani, ile ambayo Wakongo wengi wa London huiita kea tu. Mumewe Zéphyrin alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala moja la Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na alirudi nyumbani Peckham amechoka kiasi cha kusalimia kwa nyusi. Sidonie alivaa sare ya zambarau, akapanda mabasi mawili kila asubuhi mpaka Tooting, akaingia nyumba hadi nyumba kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwapa dawa na kuwasikiliza. Wazee walimpenda. Alikuwa na mikono ya joto, na alikuwa na subira ya kusikia habari ya vita ileile kila siku kama vile imetokea jana.

Hapo ndipo alipopewa Mzee Wilf.

Wilf alikuwa fundi wa makufuli mstaafu, mrefu, mwenye goti bovu na nyumba ndogo ya chini iliyojaa funguo zisizofungua kitu. Mkewe Doreen alikuwa amefariki zamani. Picha yake, amevaa kofia ya buluu, ilitundikwa juu ya televisheni, na pembeni yake saa ya ukutani. Mzee huyu hakuwa mtu wa London. Alitoka mji uitwao Dudley, huko juu katikati ya nchi, na ingawa alihamia London akiwa kijana kwa ajili ya Doreen, ulimi wake haukupanda gari pamoja naye. Sidonie, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejitahidi kuelewa Kiingereza cha London, alijiona amerudishwa darasa la kwanza. Mzee alizungumza kama mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Lakini alikuwa mpole, alishukuru kwa kila kitu, na hakumfanya Sidonie ajione mtumishi.

Siku ya kwanza, kazi ilipokwisha, Sidonie alivaa koti lake akaenda mlangoni. Mzee akainua macho kuelekea juu ya televisheni, palipo na picha, akasema kwa sauti nzuri, karibu ya kuimba:

"Tara Abit, baba."

Ndivyo Sidonie alivyosikia. Akageuka. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Mzee alikuwa akitabasamu. Sidonie naye akatabasamu, akafunga mlango, akaenda kituo cha basi akijiuliza Tara Abit ni nani. Hilo la baba halikumsumbua. Kwao mzazi humwita mtoto baba au mama kwa mapenzi, na akadhani mzee wa watu amekosea jinsia kidogo.

Kesho yake ikawa vilevile. Macho juu ya televisheni, sauti ile ya kuimba, Tara Abit. Na keshokutwa. Sidonie akamuuliza Plamedie, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari, mwenye kuelewa Kiswahili chote cha Uvira, kile cha kusema njo badala ya ndiyo, na kujibu kwa Kiingereza chote.

"Plamedie, Tara njo jina ya nani?"

Bila kuondoa macho kwenye simu Plamedie akajibu, kwa Kiingereza, kwamba ni jina la kike, na kwamba darasani kwao yupo Tara mmoja ambaye hampendi.

Jina la kike, basi. Sidonie alikwenda kazini siku iliyofuata akamtazama Doreen na kofia yake ya buluu kwa huruma. Mwanaume anakaa mbele ya picha ya mkewe wa ndoa, anaitazama usoni, halafu anaita mwanamke mwingine. Alipomsimulia Zéphyrin, mumewe alifikiri kidogo, mguu mmoja ukiwa ndani ya beseni la maji ya moto, akasema kwamba mzee wa umri ule akitaja jina la mwanamke, huo si ugonjwa, ni kumbukumbu, na kwamba watu wenye kumbukumbu waachwe nazo. Sidonie hakulipenda jibu hilo, na jioni nzima alimwangalia Zéphyrin kwa namna ambayo Zéphyrin hakuielewa.

Akaamua kumuuliza mzee mwenyewe. Alingoja mpaka asubuhi moja alipokuwa ameinama anamvisha soksi, akajikaza, akasema kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda:

"Tara?"

Mzee akashangaa. "Mapema hivi?" akasema. "Hata chai hujaniwekea."

Sidonie akadhani hakusikiwa vizuri. Akalirudia jina lile kwa upole zaidi, akamwekea mzee mkono begani ili ajue kwamba hana haja ya kuona haya. Uso wa Wilf ukaingia unyonge. Akasema haidhuru, kama ana haraka basi aende tu, soksi ya pili ataivaa mwenyewe. Akanyoosha mkono wake mrefu, akachukua koti la Sidonie kwenye kiti, akampa.

Sidonie akasimama katikati ya chumba na koti mkononi, na mzee ana soksi moja. Hapakuwa na haja ya maelezo zaidi. Huyu mtu ameumizwa, alijiambia. Ukimtajia Tara, anakufukuza. Akalirudisha koti kitini, akachemsha chai, akamvisha soksi ya pili, na jambo lile halikuzungumzwa tena. Ila alipoondoka, mzee akatazama juu ya televisheni akaita tena, Tara Abit, baba, kwa uchangamfu kana kwamba hakuna lililotokea.

Sidonie angeweza kuliacha hapo, kama si ile siku ya mvua. Alitoka, mzee akaita Tara. Akagundua amesahau mwavuli, akarudi, akauchukua, akatoka, mzee akaita Tara. Kufika getini akakumbuka funguo zake ziko juu ya friji. Akarudi tena, na alipotoka kwa mara ya tatu sauti ikamfuata mpaka nje, Tara Abit, sasa pamoja na kicheko kidogo. Sidonie alisimama mvuani bila kufungua mwavuli. Kazini walifundishwa kwamba mzee akianza kuita watu wasiokuwepo ni lazima kutoa taarifa, kwani huenda akili imeanza kuchoka. Akampigia supavaiza wake, mwanamke wa Kilondon asiye na muda, akamweleza kwamba Mzee Wilf anamwita mwanamke aitwaye Tara Abit, kila siku, leo mara tatu. Supavaiza akauliza herufi za jina. Akasema nesi atatumwa baada ya wiki kadhaa kuja kuipima kumbukumbu ya mzee.

Sidonie alijuta kabla simu haijakatika. Alijua mambo yanavyokwenda. Anakuja nesi, anafuatiwa na daktari, halafu mkutano, na mwishowe mzee anajikuta kwenye nyumba ya wazee, analishwa uji saa asiyoitaka, na funguo zake zote zimetupwa. Na yote kwa sababu ya mdomo wa Sidonie. Akawaza ndani ya basi, akawaza kanisani wakati wenzake wanaimba, akaona njia ni moja. Kama Tara ni mtu wa kweli, mwenye miguu na anwani, basi mzee hana ugonjwa. Anampenda mtu tu. Kazi ni kumpata Tara kabla nesi hajafika.

Alikuwa na mahali pa kuanzia. Pale Tooting kulikuwa na duka la Kanti, Mgujarati aliyezaliwa Kisumu, mtu mnene mwenye miwani kichwani na miwani nyingine usoni. Sidonie alinunua kwake unga wa muhogo na dagaa, ingawa Peckham vilikuwepo, kwa sababu Kanti aliuza pamoja na Kiswahili. Cha kwake kilikuwa cha aina yake, cha Kisumu kwa Wahindi, lakini mtu aliyeshinda siku nzima ndani ya Kiingereza cha Dudley hachagui.

Sidonie hakutaja jina la mzee, maana kazi yake ilimkataza. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei, ikiwa Kanti amewahi kusikia mtu aitwaye Tara.

"Tara?" Kanti akashusha miwani ya kichwani. "Hiyo jina yetu kabisa, mama. Jina ya msichana. Maana yake nyota. Mimi najua Tara watatu."

"Tara Abit?"

Kanti akatafakari. "Abit si Mhindi. Labda aliolewa na Mwarabu."

Akawahesabu Tara wake. Mmoja alikwisha kufa, wa pili yuko Kanada na hapokei simu, na wa tatu alikuwa shemeji yake mwenyewe, Taraben, yaani dada Tara kwa Kigujarati, mjane wa kaka yake Chaman. Huyo hakuwa Abit wala hajawahi kuwa. Alikuwa anakaa hapa hapa Tooting kwa mwanawe, baada ya kuishi maisha yake yote ya ndoa huko juu, karibu na Birmingham, mahali panapoitwa Dudley.

Sidonie akauweka unga chini.

"Dudley," akasema.

"Dudley. Baridi yake, utalia."

Sasa hapakuwa na duka, hapakuwa na dagaa. Sidonie alimweleza Kanti kila kitu isipokuwa jina na namba ya nyumba: mzee wa Dudley, picha ya mkewe, ile sauti ya kuimba, koti, mvua. Kanti alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya mizani, na mizani ikawa inasoma uzito wa mikono yake. Mteja mmoja akauliza bei ya bamia akaondoka bila jibu. Marehemu Chaman, alisema Kanti mwishowe, alikuwa kaka mzuri lakini mtu wa kiwandani, wa kurudi na kulala. Alinyanyua simu.

Yaliyosemwa kwenye simu yalikuwa ya Kigujarati, na Sidonie hakuyaelewa, ila aliweza kuisikia sauti ya Taraben kutoka upande wake wa kaunta, na Kanti aliishika simu mbali kidogo na sikio. Baadaye alitoa muhtasari. Shemeji yake alisema hajawahi kuzungumza na mwanaume yeyote wa Dudley isipokuwa daktari wa meno. Alisema ni matusi. Alisema Kanti ana umri wa kutosha kuacha upuuzi. Kisha akauliza huyo mwanaume ni mrefu au mfupi, na akasema atakuja Jumamosi.

Sidonie alimwomba Mzee Wilf ruhusa ya kumletea mgeni, mama mmoja aliyewahi kuishi kwao. Alimtazama sana usoni aliposema hivyo. Mzee alifurahi waziwazi. Watu wa Dudley, alisema, ni adimu London kuliko theluji, na Jumamosi akaomba avishwe tai.

Taraben aliingia na sari ya kijani, koti la mvua na viatu vya michezo, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, aliyenyooka. Nyuma yake Kanti alibeba keki ya iliki na bakuli la chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili. Wilf alijitahidi kusimama, wakapeana mikono. Sidonie alikuwa ameshika birika, hapumui. Alitafuta usoni kwa mzee mshtuko, machozi, hata kope kucheza. Hapakuwa na kitu. Taraben naye alikaa, akavuta sari yake magotini, akamtazama Wilf kama mtu anavyotazama ratiba ya basi.

Walikunywa chai. Kwa kuwa wote watatu walikuwa na Kiswahili na mzee hakuwa nacho, mambo yalisemwa mbele yake bila adabu yoyote.

"Anamjua?" Kanti alimuuliza Sidonie.

"Huyu mzee sijamwona hata siku moja," Taraben alijibu mwenyewe.

"Mwangalie vizuri, mama," Sidonie akamwomba. "Watu wanazeeka."

"Mimi nimezeeka. Macho yangu hayajazeeka. Simjui."

Mzee aliwauliza hiyo ni lugha gani nzuri hivyo, akaambiwa ni Kiswahili, akaitikia kwa kichwa akitafuna chevda, mpaka pilipili ikamfikia na Sidonie akalazimika kumpiga mgongoni. Baada ya hapo watu waliokutanishwa bure wakarudi kwenye chai yao. Muda wa Sidonie ulikuwa umekwisha, mzee wa nyumba inayofuata alikuwa anangoja dawa. Akavaa koti lake polepole, akiwa na aibu ya kuwaacha. Akasogea mlangoni. Mzee Wilf akainua macho juu ya televisheni.

"Tara Abit, baba."

"Umesikia?" Sidonie alimgeukia Taraben, akamshika mkono. "Njo ile, mama. Anakuita."

Taraben alikiweka kikombe chake mezani. Kwanza mabega yake yalitikisika. Sidonie alidhani analia, akamtafutia kitambaa. Lakini mama yule alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa bakuli la chevda, na alipopata pumzi alimwambia Sidonie akae chini na koti lake.

Alifika Dudley akiwa bibi harusi, alisimulia, kutoka Kisumu moja kwa moja, hajui Kiingereza zaidi ya salamu za shuleni. Wiki ya kwanza alipanda basi kwenda sokoni. Alipokuwa anashuka, kondakta, mwanaume mwekundu asiyemjua, akamwita kwa jina lake. Taraben alitembea mpaka sokoni akitetemeka. Kununua vitunguu, mwuza vitunguu naye akamwita kwa jina. Bucha ambalo hata hakuingia, alipita tu mlangoni, bucha zima lilimwita. Alirudi nyumbani akajifungia. Chaman alipotoka kazini alikuta mkewe amekaa gizani, akamwambia kwamba mji huu una wachawi au una wapelelezi, maana kila mtu anamjua.

"Nilikaa ndani mwezi mzima," alisema. "Chaman akadhani nina mimba."

Ni mwanamke wa jirani ndiye aliyemfumbulia. Si jina. Ni kwaheri. Waingereza wa huko husema ta-ra wanapoachana, na wakiongeza a bit, yaani kidogo, wanamaanisha kwaheri ya muda mfupi, tutaonana punde. Abit hakuwa Mwarabu wala nani. Na lile la mwisho, bab, si baba, ni neno la kumbembelezea mtu, kama mwanangu au mpenzi, analoambiwa hata mteja dukani.

Sidonie alisikiliza mdomo wazi. Akauliza kwa nini basi, kwa miaka yote hii, hajawahi kulisikia London. Hapo Taraben alimgeukia Wilf, akamweleza kwa Kiingereza kilichotokea, na Sidonie akagundua kwa mshangao kwamba Kiingereza cha mama huyu wa Kisumu kilikuwa kilekile cha mzee, muhogo wa moto na yote.

Mzee Wilf alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akalijibu swali kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo wake. Watu wa London, alisema, hawalisemi. Kwao ni Dudley na Birmingham na vijiji vya kati, halafu ukipanda juu utalikuta Liverpool na Manchester, na hata Wales amekutana nalo. Lakini hiyo ya kidogo ni ya kwao hasa. Wengine husema ta-ta, ila hiyo huambiwa watoto wachanga na hupungiwa mkono. Alipomposa Doreen, mama mkwe wake, Mlondon wa kweli, alimkataza kulisema mezani kwa kuwa lilimkumbusha mpangaji mmoja aliyehama bila kuaga. Doreen mwenyewe hakujali. Na kuhusu kutazama picha, mzee alisema haangalii picha. Anaangalia saa. Sidonie akiondoka, mashindano ya farasi kwenye televisheni yanakaribia.

Kwa hiyo ile asubuhi ya soksi, Sidonie alikuwa ameinama mbele ya mzee na kumuaga mara mbili. Alipolielewa hilo alijifunika uso kwa mikono.

Alichelewa nyumba iliyofuata na hakujali. Alisikia wakati anafunga mlango kwamba wazee wawili wamekwisha anza: basi namba gani, soko lilikuwa upande upi, ile baridi ya mwaka fulani. Kanti alikuwa amesahauliwa kwenye kiti, anakula keki.

Jumatatu Sidonie alimpigia supavaiza kufuta taarifa yake. Alieleza kwa ufasaha wote alionao kwamba Tara si mtu, ni kwaheri. Supavaiza akauliza kama Sidonie amepata mapumziko ya kutosha siku za karibuni. Kisha akasema ombi likishaingia kwenye kompyuta haliwezi kutoka, na nesi atakuja.

Kanisani Sidonie alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu kipya, akalijaribu. Baada ya ibada alimpungia mchungaji akamwambia ta-ra a bit, na mke wa mchungaji, Célestine, mtu wa Bukavu asiyependa mchezo, akamvuta pembeni kumuuliza huyo Tara ni nani na anamhusu vipi mchungaji. Sidonie alitumia nusu saa kumsafisha mtu wa Mungu.

Nesi alifika wiki ambayo Taraben alikuwa amekwisha kuja Jumamosi yake ya tatu. Alikuwa mtu mpole mwenye kompyuta ndogo magotini. Alimuuliza Wilf siku ya leo, mwezi, mwaka, akamwambia ahesabu kurudi nyuma, akamtajia maneno matatu ya kukumbuka. Mzee alijibu yote, na maneno yale matatu akayapanga kwa mfuatano wa alfabeti. Sidonie alikuwa jikoni akisugua sufuria ambayo ilikwisha takata. Ndipo nesi akasafisha koo, akasema kuna maelezo hapa kuhusu mwanamke aitwaye Tara.

Sidonie akaacha kusugua.

"Ndiyo," mzee alisema. "Huja Jumamosi na keki. Tulipanda mabasi ya mji mmoja, ila miaka tofauti."

Nesi akauliza kama jina la ukoo ni Abit. Mzee akasema la ukoo hakuwahi kumuuliza, kwa sababu si ustaarabu, lakini Abit silo. Nesi akaandika kidogo, akafunga kompyuta, akamwambia Sidonie mlangoni kwamba kumbukumbu ya mzee ni nzuri kuliko ya kwake, na kwamba ni jambo jema mtu wa umri huo kuwa na rafiki.

Majira ya baridi yalipokwisha walikwenda Dudley, kwa gari la Kanti. Mzee alikaa mbele kwa sababu ya goti, kina mama wawili nyuma. Mvua ilinyesha kuanzia London mpaka huko bila kupumzika. Mtaa wa Wilf haukuwepo tena, ulikuwa uwanja wa kuegesha magari. Mzee alishuka na fimbo yake, akatembea kati ya mistari myeupe, akamwonyesha Sidonie jiko lao lilipokuwa, na kitanda cha mama yake, ambapo sasa palikuwa na gari jekundu. Hakulia. Aliligonga gari kidogo kwa fimbo, akaangalia kama kuna aliyeona. Nyumba ya Taraben ilikuwepo, imepakwa rangi asiyoipenda, na mama aliyewafungulia mlango aliwaruhusu kuingia chooni mmoja mmoja. Taraben alichukua muda mrefu kuliko wote, akatoka akasema wameondoa rafu yake.

Walikula chipsi ndani ya gari, vioo vikiwa na ukungu, na Kanti akatoa pilipili mfukoni. Sidonie hakuwa ameelewa neno hata moja la mji mzima tangu asubuhi. Njia nzima ya kurudi Wilf na Taraben walibishana kuhusu kituo cha basi, kama kilikuwa mbele ya soko au nyuma yake. Kanti alijaribu kuwapatanisha, akaambiwa na wote wawili aangalie barabara.